Leta njo sisi: juu ya petroli ya Virunga, maji ya Goma na ardhi ya wote

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa kartiye mbalimbali za Goma, Novemba 2024. Tunayaweka hapa juu ya wale ambao hawakufika.



Nimeombwa kuongea juu ya mazingira. Neno hilo hapa kwetu linachosha watu. Ukilisema tu, mutu anafikiria gorila, mugeni na apareyi ya picha, na semina ndani ya hoteli. Mimi nitaongea juu ya vitu vitatu vyenye hata mama mwenye kuuzisha ndani ya soko la Virunga anavijua: petroli, maji na ardhi. Vyote vitatu vinaitwa mali ya Leta. Na hapa kwetu mutu akisikia "mali ya Leta", anaelewa "mali yenye haina mwenyewe". Pale njo tunapotezea.

Munada umefutwa, mulango ungali wazi

Tarehe 28 Julai 2022, kule Kinshasa, serikali ilifungua munada wa vipande 27 vya petroli na vipande 3 vya gazi. Vipande vingine vya petroli vilikuwa ndani ya pori za majimaji za Cuvette Centrale, vingine viliingia ndani ya Virunga. Vile vitatu vya gazi viko hapa mbele yetu, ndani ya ziwa Kivu: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Sisi watu wa Goma tulisikia habari kwenye redio, sawa vile tunasikia matokeo ya mupira.

Mwezi wa kumi wa mwaka huu, wizara ya hidrokaboni ikasema munada wa petroli umefutwa. Watu walifurahi. Wengine waliandika: "Tumeshinda." Mimi pia nilifurahi. Lakini tusome sababu zenye serikali ilitoa: hakukuwa maombi ya kukubalika, mengine yalichelewa, mengine hayakutimiza masharti, ushindani ulikosekana. Zote ni sababu za biashara. Munada ulikufa juu ya kukosa wanunuzi wazuri. Mutu mwenye kutaka kuuza parsele yako akikosa mununuzi leo, parsele haijarudi mikononi mwako. Anangojea mununuzi wa kesho.

Na sheria iko pale pale. Sheria ya hidrokaboni ya tarehe 1 Agosti 2015 inakataza kazi ya petroli ndani ya maeneo yenye kulindwa, halafu inaachia serikali uwezo wa kuondoa eneo kwenye ulinzi ule kama inaona kuna faida ya umma. Faida ya umma, nani anaipima? Kama umma wenyewe umenyamaza, watapima wengine.

Kuna watu wataniambia: "Vita iko Sake, na wewe unaongea miti?" Nawaheshimu, juu hata mimi usiku nasikia mabomu. Lakini tuangalie tarehe. Bunagana ilianguka tarehe 13 Juni 2022. Munada ulifunguliwa tarehe 28 Julai, haikufika miezi miwili. Vita haikuchelewesha karatasi hata kidogo. Wakati sisi tunakimbia na magodoro kichwani, wenye kuandika karatasi wanaandika. Kama tutangojea amani njo tuanze kulinda mali yetu, amani itakuja ikute kila kitu kimesainiwa.

Namna SOCO iliondoka

Vijana wengi wenye kuwa hapa walikuwa wangali watoto, basi niwakumbushe.

SOCO International ilikuwa kampuni ya London. Mwaka 2010 ilipata ruhusa ya rais juu ya Bloki ya 5, yenye ilikuwa inakula sehemu kubwa ya Virunga pamoja na ziwa Édouard. Virunga ni parki ya kwanza ya taifa katika Afrika, tangu 1925. UNESCO iliiandika kwenye urithi wa dunia mwaka 1979, na tangu 1994 iko kwenye orodha ya urithi wenye kuwa hatarini. Karatasi hizo zote nzuri hazikuzuia kalamu kusaini.

Waliozuia ni watu. Kwenye pesheri za Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge wavuvi waliuliza ulizo la chakula: petroli ikimwangika, samaki wataenda wapi, na watoto watakula nini? Waliuliza vizuri, juu maji ya ziwa lile haibaki pale. Inashuka na Semliki mpaka ziwa Albert, halafu inaingia ndani ya Nile. Mashirika madogo ya hapa Goma yaliandika barua, yakapeleka habari, yakakusanya raiya. Ndani ya parki, Rodrigue Mugaruka Katembo, mukubwa wa walinzi, alikataa pesa ya rushwa, akakusanya ushahidi. Mwaka 2013 alikamatwa na kuteswa. Wavuvi na watetezi wa haki walitishwa, wengine wakapigwa, wengine wakafungwa. Human Rights Watch iliandika mambo hayo mwaka 2014.

Na habari za ziwa zikavuka bahari. Oktoba 2013, WWF ilipeleka mashitaka mbele ya ofisi ya Uingereza yenye kuangalia kama makampuni yanafuata kanuni za OECD. Filamu yenye jina la Virunga ikatoka mwaka 2014, dunia ikaona. Tarehe 11 Juni 2014 SOCO ikatangaza pamoja na WWF kwamba itaacha. Mwaka 2015 Global Witness ikachapisha karatasi za benki zenye kuonyesha malipo ya kampuni kwa ofisa mumoja wa jeshi. Julai ya mwaka ule ule, Kanisa la Uingereza, lenye lilikuwa na hisa zake ndani ya SOCO, likaziuza.

Nataka tujifunze mambo mawili pale.

La kwanza: kampuni haikushindwa huku kwetu. Huku ilikuwa na nguvu, ilikuwa na walinzi, ilikuwa na wakubwa. Ilishindwa kwenye pesa yake inalala, kule London, mbele ya wenye hisa. Lakini London ilisoma nini? Ilisoma yale muvuvi wa Vitshumbi alisema, na jina la mahali, na tarehe. Bila muvuvi, London haina kitu cha kusoma. Kwa hiyo usiseme "mimi ni mutoto wa Majengo, nitaweza nini?" Ushahidi wa kwanza unatoka siku zote kwa mutu mwenye kukaa pale.

La pili: SOCO iliondoka ikiwa imemaliza kupima chini ya ziwa. Vipimo viko. Ndiyo sababu miaka nane baadaye ramani ya munada ilirudi mahali pale pale. Ushindi wetu wa 2014 ulikuwa wa kweli, na ulikuwa nusu. Tulilala juu ya nusu ile.

Tuangalie majirani pia. Uganda, TotalEnergies inachimba visima ndani ya parki ya Murchison Falls, na bomba la EACOP la kilometa 1,443 linapangwa kufika Tanga, Tanzania. Mwaka huu vijana wa Kampala wamekamatwa mara na mara juu ya kutembea na vibao mukononi. Kule Kenya, mwaka 1989, serikali ya chama kimoja ilitaka kujenga gorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya raiya katikati ya Nairobi. Wangari Maathai aliandika barua, akaandika tena. Bungeni walimutukana. Lakini wenye kukopesha pesa walisoma barua zile, wakajitoa, na gorofa halikujengwa. Leo watoto wa Nairobi wanacheza pale. Ni barua zilifanya vile, na mutu mumoja mwenye kichwa kigumu, na wengine waliomufuata.

Muji wenye kukaa juu ya ziwa na kununua maji

Sasa turudi hapa nyumbani. Ziwa Kivu lina kilometa za mraba zaidi ya 2,000. Na mutoto wa Goma anaamka gizani na bidoni ya litri 20 kutafuta maji, halafu anaenda masomo akiwa amechoka, ao haendi kabisa. Katiba yetu, kifungu cha 48, inasema wazi: haki ya kupata maji ya kunywa imehakikishwa. Vijana wa muji huu walianza kudai haki ile zamani. LUCHA ilizaliwa hapa mwaka 2012, na maji ilikuwa kati ya madai yake ya kwanza. Leo ni 2024, na bidoni ingali kwenye mugongo.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka. Moto uliharibu birika kubwa ya maji na mabomba, na Médecins Sans Frontières ilisema watu karibu nusu milioni walikosa maji. Mulima hatuwezi kuushitaki. Lakini mabomba tunaweza kuyauliza. Nani aliahidi kutengeneza nini? Kwa pesa gani? Kimefika wapi? Kila mutu ndani ya kartiye ana haki ya kujua, na jibu linapaswa kubandikwa kwenye muti ama kwenye ukuta, mahali bamama wanapita.

Na munajua namna muji huu umejengwa: juu ya mawe ya volkano. Kuchimba choo ni shida, kupitisha bomba ni shida. Mvua ikinyesha, uchafu wote unashuka ziwani, pale pale tunashotea. Mutu mwenye hana pesa ya kununua maji ya chukudu anashuka ziwani. Kipindupindu kinajua njia ile. Julai 1994 kiliua maelfu na maelfu ya wakimbizi hapa hapa pembeni yetu. Miaka hii miwili kimerudi ndani ya kambi za wahamaji. Hiyo njo sababu nasema maji ni mazingira. Haiko gorila tu.

Chini ya maji hayo kuna gazi. Wataalamu wanahesabu metani karibu kilometa za kibiki 60, na gazi kaboniki karibu 300. Mwaka 1986, kule Cameroun, ziwa Nyos lilitapika gazi kaboniki usiku, likaua watu karibu 1,700 ndani ya vitanda vyao. Ziwa lile ni kama kikombe mbele ya ziwa letu. Sisemi gazi isitolewe. Rwanda inaitoa, na kituo cha KivuWatt kinatoa megawati 26 za kuran. Kuitoa vizuri kunaweza hata kupunguza hatari. Lakini watakaokaa juu ya kazi hiyo ni sisi. Mupango wa usalama uko wapi, kwa Kiswahili, wenye mama wa Kituku anaweza kuusoma? Kuran itaingia ndani ya nyumba ya nani, na kwa bei gani? Maulizo hayo tuyatie mezani kabla mashine hazijafika.

Ardhi inaliwa polepole

Tembea pembeni ya ziwa, toka Himbi kwenda Kyeshero. Utaona ukuta, hoteli, ukuta, mulango wa chuma, ukuta tena. Njia za raiya za kufika majini unazihesabu kwa vidole vya mikono.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Leta peke yake, na haiwezi kuuzwa. Mutu anapewa ruhusa ya kuitumia. Na ardhi yenye kutumikia watu wote, hata ruhusa ile haitolewi kama kwanza haijaondolewa kwa njia ya sheria kwenye kazi ya umma. Basi namna gani uwanja wa watoto unageuka nyumba?

Munaijua njia, mumeiona wenyewe. Kwanza mahali panaachwa, takataka zinamwangwa pale, watu wanaanza kusema "hapa hapana mwenyewe". Halafu siku moja kuna mabati ya kuzunguka. Ukiuliza, unaambiwa ni ya mukubwa fulani. Halafu karatasi inatoka. Halafu mulinzi anawekwa. Ukifika na karatasi yako ya malalamiko wakati mulinzi amekwisha kuwekwa, umechelewa miaka miwili. Ardhi ya umma inalindwa siku ya takataka. Siku ya ukuta ni mashahidi tu wanabaki. Kwa hiyo salongo ya kusafisha uwanja wa kartiye haiko kazi ya bure: ni namna ya kusema mahali hapa pana wenyewe.

Ulizo la njala

Sasa nataka tuongee wazi, juu tukikwepa ulizo hili hatutakuwa na haki ya kusimama mbele ya watu.

Mulimaji wa Rutshuru ao wa Nyiragongo anasema: "Parki ilikula shamba la baba yangu. Nyinyi wa muji munalinda wanyama, mimi nani atanilinda?" Mama wa makala anasema: "Baache petroli itoke, labda bana yetu batapata kazi." Na muhamaji wa Bulengo ao wa Kanyaruchinya anaingia ndani ya pori kukata kuni juu hana kitu kingine cha kupikia. Hawa wote haiko maadui wetu. Mutu mwenye kuwadharau hawezi kulinda kitu chochote hapa.

Kwa mulimaji: mipaka ya parki iangaliwe na yeye mwenyewe akiwa pale, na karatasi za zamani mezani, na shujaa wa kila kijiji mwenye kukumbuka jiwe la mupaka. Ulinzi wenye kukataa kuongea mipaka unazaa tu watu wa kushangilia siku kampuni itafika.

Kwa mama wa makala: makala mengi ya Goma inatoka Virunga, na makundi ya silaha yanakula kodi juu ya kila mufuko. Lakini mwenye kununua ni nani? Ni sisi. Ni muji. Tangu Desemba 2015 kituo cha Matebe, megawati 13, kinafanya kuran kwa maji ya muto, karibu na pori lile lile. Nyumba nyingi za Goma zina taa leo juu ya kazi za namna hiyo. Kupika kwa kuran kungali ghali kwa wengi. Basi dai letu liwe hapo: bei. Bei ya kuran ya kupikia, na imbabula zenye kula makala kidogo, zinaokoa miti kuliko mahubiri yetu yote.

Na juu ya kazi yenye petroli inaahidi: muulize kazi ngapi, kwa nani, kwa miaka ngapi, na nini itabaki kwa muvuvi siku visima vitakauka. Ziwa Édouard linalisha watu bila kusaini mukataba wowote, mwaka kwa mwaka, kama tunaliheshimu.

Tufanye nini

Hatutaondoka hapa na hasira tu. Kuna kazi.

Moja, tusome. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kila mutu ana haki ya kuishi ndani ya mazingira safi, na kinaongeza kwamba ana wajibu wa kuyalinda. Wajibu! Kifungu cha 27 kinatupa haki ya kuandikia wakubwa peke yetu ao wengi pamoja. Kifungu cha 26 kinatupa haki ya kuandamana. Tunajua kwamba tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi na haki hiyo inabanwa. Njo sababu ya kuijua neno kwa neno.

Mbili, tuandike. Barua kwa meri, kwa gavana, kwa Regideso, kwa kadasta. Peleka kopi mbili, omba watie tampon na tarehe kwenye kopi yako. Barua bila tampon haikufika. Barua yenye tampon, wakinyamaza, ukimya wao unakuwa na tarehe.

Tatu, tukusanye ushahidi: mahali, siku, saa, picha. Uso wa shahidi usionyeshwe, jina lake lisitembee kwenye simu. Mutu aliyekuambia ukweli, umulinde kuliko picha yako.

Ine, tufuate pesa. Jina la kampuni likitajwa, tutafute iko wapi, nani anaikopesha, nani ana hisa. Ndugu zetu wa diaspora wako Bruxelles, Paris na London. Tuwape kazi hiyo, wanaiweza.

Tano, tuongee luga za watu. Kiswahili hapa, Kinyarwanda kule Rutshuru, Kinande Lubero, Kihunde Masisi. Karatasi ya Kifaransa ya kurasa 80 haiwezi kulinda muvuvi.

Sita, mutu asiende peke yake, na mutu asirushe jiwe. Jiwe moja linawapa sababu yenye walikuwa wanatafuta.

Kwa kuanza, naomba kitu kidogo. Kabla ya mukutano wetu ujao, kila kikundi cha kartiye kilete orodha: bomba za umma ngapi, na ngapi zinatoa maji, njia ngapi za raiya za kufika ziwani, viwanja na ardhi za masomo, na vingapi vimeanza kuzungukwa na mabati. Ukurasa mumoja tu kwa kartiye. Tukiziweka pamoja tutakuwa na kitabu cha mali ya wote ya Goma, chenye kuandikwa na wenyewe. Siku mukubwa atasema "mahali pale hapana mwenyewe", tutamufungulia ukurasa.

Leta njo sisi. Mali yake njo yetu. Tuihesabu.